Anayejituma Dukani

Mtoto wa Unguja hukijua kitenzi cha kutuma kabla hajajua kuhesabu chenji. Asubuhi hutumwa boflo, mchana hutumwa chumvi, jua likizama hutumwa kiberiti, na akichelewa huulizwa kama alikotumwa ni Pemba. Haki ya kumtuma si ya mama yake tu. Bibi wa mlango wa tatu naye anayo: "Mwanangu, hebu niendee dukani." Miguu ni ya mtoto, haja ni ya bibi, na ile kauli ya kutendea imeshamaliza mapatano yote kabla mtoto hajaitika.

Sasa mchukue mtu anayeishi peke yake ghorofa ya tatu huko Kiponda, anayeshuka ngazi za mbao kwenda kununua kiberiti kimoja. Safari yake hiyo inaitwaje? Ukiomba nomino, utapewa ujumbe, utume, agizo, na zote zinamtaka mtu wa pili. Hakuna aliyemwagiza, hakuna anayemsubiri juu. Amejituma, utasema. Lakini kujituma kumeshachukuliwa na maofisa: mfanyakazi anayejituma ni yule mwenye bidii, anayesifiwa kwenye barua za mapendekezo na hotuba za Mei Mosi. Huwezi kumwambia jirani kwamba umejituma kiberiti. Atacheka, kisha atakuelewa vizuri kuliko kamusi.

Mzizi wenyewe si mwepesi, hasa hapa mjini. Kutokana na tuma tumepata Mtume, tumepata mtumishi, na tumepata mtumwa. Huyu wa mwisho, ukimfungua neno kwa neno, ni mtu anayetumwa na basi, bila kueleza ni nani amtumaye wala kwa haki gani. Kutoka Kiponda hadi Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu, na pale Mkunazini lilikuwapo soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 zama za Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria Unguja hadi 1897. Kwa hiyo katika mji huu neno la kumtuma mtu dukani na neno la kummiliki mtu yamelala kitanda kimoja kwa muda mrefu, na sishangai kuwa wazee wengine humtuma mtoto kwa adabu nyingi, wakianza na "baba" au "mwanangu" na kumalizia na dua.

Ninachotaka kusema ni kwamba msamiati wetu wa mambo madogo ya nyumbani ulijengwa na nyumba iliyojaa watu. Kila kitenzi kina mtu upande wa pili: kupikia, kupakulia, kuwekea, kuazima, kupokea. Anayeishi peke yake huviazima vitenzi hivyo kisha akapachika -ji- katikati: anajipikia, anajipakulia, anajifulia, anajichemshia maji ya chai. Silabi moja, naye anaishi ndani yake.

Kwa jumla ya mihangaiko hiyo tunayo maneno mengine, ila yote yana kasoro kwake. Pirikapirika ina mbio na makelele. Ni ya nyumba inayotayarisha harusi. Shughuli, kwa Unguja, ndiyo harusi yenyewe. Haja ni neno zuri, lakini ukisema unakwenda haja watu watakuonyesha choo. Hamsini ndiyo inayofaa zaidi: kila mtu na hamsini zake. Hamsini za nini, haulizwi mtu, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mwenye kwenda kulipa maji, kushona kiatu na kutafuta balbu moja yumo katika hamsini zake. Akikutana na mtu uchochoroni akaulizwa "Wapi huko, Ami?" hujibu "Hapa tu", jibu ambalo mgeni huliona ni la kuficha na mwenyeji huliona limetosha.

Na huyo mtu mwenyewe, tumwite nani? Hapa lugha haikosi maneno. Inayo mengi, na karibu yote yanaulizia ndoa. Kapera hana mke. Mseja vilevile, ila useja umeelekea zaidi upande wa kanisa, kwenye nadhiri za mapadri. Mhuni, kwa wazee wetu, alikuwa mtu asiye na makao maalumu, mtembezi asiyeshikika. Leo ni mkorofi tu, lakini nadhani harufu ya shaka dhidi ya mwanamume asiye na nyumba ya kurudi bado imo. Vijana wamejiokoa kwa kusema wanaishi geto, neno linalotaja chumba na kumwacha mkaaji salama.

Kwa wanawake hesabu ni kali zaidi. Mwari hajaolewa, mjane amefiwa, mtalaka ameachwa, kizuka yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi. Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria ya kuwalinda wari, wajane na wanawake walioachwa, na chini ya jina hilo la ulinzi mwari aliyeshika mimba aliweza kupelekwa jela. Mwaka 2005 ikaja sheria nyingine badala yake, ya wari na watoto wa mzazi mmoja, na kifungo hicho kikaondoka. Nayataja kwa sababu ya majina. Mwanamke anaorodheshwa kwa mwanamume anayekosekana: ambaye hajaja, ambaye amekufa, ambaye ameondoka. Yule ambaye mumewe yu hai Muscat akifanya kazi, na yeye amebaki Vuga na funguo zake, hayumo katika orodha yoyote, ingawa anakula peke yake kila usiku.

Mpweke? Hapana. Huyo ni mtu wa huzuni, na methali imeshamhukumu: upweke ni uvundo. Mkiwa ana huzuni zaidi, na nyuma yake huja yatima. Niliwahi kufikiri tungeunda mkaapeke kwa kufuata mkaa bure wa methali, yule asiye sawa na mtembea bure, lakini sokoni mkaa ni makaa ya jikoni na sitaki kuuzwa kwa gunia. Naona afadhali tubaki na "anaishi peke yake", maneno matatu yasiyomlaumu mtu. Tena peke ni neno la ajabu kidogo. Linakubali wingi. Watu wanne wakifunga mlango husema "tuko peke yetu", na hakuna anayeona kuna kosa.

Waliotoa jawabu safi kuliko wote ni watu wa takwimu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kipimo hakikuwa ndoa bali kaya, yaani wanaoishi na kula pamoja. Kaya yaweza kuwa ya mtu mmoja. Kila kaya ina mkuu wake. Kwa hiyo aliyelala peke yake usiku ule aliandikwa mkuu wa kaya, cheo kamili, ingawa hana raia. Kwa ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni kijiji kizima chenye boma na msitu mtakatifu, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Neno limesafiri kutoka kijiji hadi sufuria moja, wala halikulalamika.

Twende sokoni, maana huko ndiko istilahi zinakoumana na mfuko. Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na jina la mahali linalikumbuka daraja lililovuka hori la maji ya chumvi baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori limefukiwa, daraja halipo, jina limebaki, na wengine bado husema Marikiti. Pale kila kitu kina kizio chake. Ndizi zina mkungu na chane. Mchicha una kicha. Samaki wadogo wana utungo, kuni zina tita, kanga zina doti, na sehemu kubwa ya vinavyobaki ina fungu.

Fungu ndilo linalomsumbua mtu mmoja. Muuzaji amezipanga nyanya zake kwa mahesabu, kubwa chini na nzuri juu, na bei ni ya fungu, si ya nyanya. Ukiomba mbili umevunja jengo lake. Hatakukatalia, lakini atakutazama, kisha litakuja swali: "Kwani nyumbani muko wangapi?" Sipendi kulijibu. Si kwamba ni siri. Ni kwamba jibu la "mmoja" huleta nyongeza ya huruma, pilipili tatu zisizoombwa na ushauri wa kuoa.

Fungu lenyewe ni neno pana. Kuna fungu la mirathi, anachopata kila mrithi. Kuna fungu la mchanga baharini, kama lile la Nakupenda mbele ya mji, linaloonekana maji yakitoka na kupotea yakijaa. Mahali pote fungu ni sehemu iliyotengwa kutoka katika kitu kikubwa zaidi. Sokoni tu ndiko sehemu hiyo imepimwa kwa chungu cha watu sita.

Lakini lugha ilikuwa na kipimo cha mtu mmoja, na kilikuwa maarufu. Kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku: mwanamume mmoja, mzigo mmoja, kibaba kimoja. Hiki ndicho kibaba tunachokijaza kwa haba na haba bila ya wengi wetu kukiona kwa macho. Posho nayo imehama. Uganda ni unga wa mahindi na ugali wake, na Dodoma ni fedha anayolipwa mheshimiwa kwa kukaa kwenye kiti. Pishi imesalia kwa heshima ya dini: kila Ramadhani ikikatika, zakatul-fitri hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila kichwa. Baba mwenye watoto saba hupiga hesabu na kukuna kichwa. Mkuu wa kaya ya mtu mmoja hutoa pishi yake na kwenda zake.

Ratili na wakia zimeondoka, kilo imeingia, na kilo ikakatwakatwa mpaka ikamfikia mtu wa chumba kimoja: nusu, robo, nusu robo. Duka la uchochoroni linajua mambo haya kuliko soko. Hapo utapata mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya kufungwa kwenye karatasi, kitunguu kimoja bila ya kuulizwa habari za ukoo. Wachumi watakuambia, na ni kweli, kwamba anayenunua kwa nusu robo hulipa zaidi kwa kila kilo. Sawa. Ila anayenunua gunia naye hulipa kwa fukusi.

Kitu kimoja kimekataa kabisa kugawanyika, nacho ni nazi. Nazi ina majina kwa kila umri, kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka ifike kuwa nazi, na ikishafika haina nusu ya kuuzwa; ikivunjwa lazima itumike. Halafu kuna kazi zake. Ifuliwe kwenye kifuo, ivunjwe, ikunwe kwa mbuzi, ikamuliwe, ichujwe kwa kifumbu, lipatikane tui zito na tui jepesi na chicha ibaki. Kila hatua ilikuwa na chombo chake, na zamani kila chombo kilikuwa na mtoto wake. Mtu mmoja akifanya yote hayo kwa sufuria ya mchuzi wa changu mmoja, anakuwa ameajiri jeshi zima ndani ya mwili wake. Siku hizi Darajani unakunewa kwa mashine wakati unasubiri, na lipo tui la unga la pakiti. La pakiti nimelijaribu. Linafanya kazi, na sina zaidi la kulisifia.

Tui likishapatikana, chakula huwa kingi, maana hakuna ajuaye kupika wali wa mtu mmoja. Hapa ndipo Kiswahili kinapomwonea huruma mkaaji wa peke yake, kwani kwa mabaki ya usiku kimempa maneno matatu mazima: kiporo, mwiku, bariyo. Yote ni chakula kilicholala na kitakacholiwa asubuhi. Watu wa mpira wamelichukua la kwanza wakaita viporo mechi zilizoahirishwa, matumizi ninayoyaona ni sahihi kabisa: kitu kamili, hakina ubaya, kimechelewa tu. Makombo ni kitu kingine. Kiporo hubaki katika chungu, makombo hubaki katika sahani, na aliyelelewa vizuri hampi mgeni makombo. Lakini ukila peke yako, sahani ni yako na chungu ni chako, na mara nyingine unakula chunguni humo humo ili uoshe chombo kimoja. Je, kilichobaki ni kiporo au makombo? Nimewauliza wajuzi wawili wa lugha kwenye kahawa pale Jaws Corner. Mmoja alisema kiporo. Mwengine alisema ni uvivu.

Mwezi wa Ramadhani mambo haya hupumzika. Baada ya adhana ya magharibi ni vigumu kwa mwanamume kula peke yake Mji Mkongwe hata akitaka. Atashikwa mkono akitoka msikitini na kukalishwa kwenye jamvi, mbele ya sinia ambalo hakuchangia. Wala haulizwi kama ana nani nyumbani. Anaulizwa kwa nini hali.

Vitenzi vipya navyo vimekuja. Umeme wa Unguja hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa mita ambazo watu wanaziita Tukuza, na mtu akikwambia anakwenda kununua Tukuza si mtu wa ibada, amebakiwa na uniti chache. Wenye kukumbuka giza la Mei na Juni 2008, na lile refu zaidi lililoanza Desemba 2009 likavuka mwaka hadi Machi, hawana ugomvi na jina hilo. Kutuma kwenyewe kumepata maisha mengine. Tangu fedha zianze kupita kwenye simu, anayetumwa si mtoto tena, ni pesa: "Nitumie", na kwa wasio na haya, "Tuma na ya kutolea". Mtoto wa bibi wa mlango wa tatu yuko skuli, kisha yuko madrasa, na bibi mwenyewe amejifunza kubonyeza namba. Hata yeye sasa anajituma kidogo kidogo.

Mambo ambayo -ji- haiyawezi ni machache, na ningependa kuyataja kwa sababu ndiyo yanayoonyesha mpaka. La kwanza ni hodi. Hodi haipigwi kwenye mlango wako mwenyewe. Lakini salamu inatolewa: aya ya 61 ya Sura An-Nur inaagiza wanaoingia majumbani wazitolee salamu nafsi zao, na wafasiri wengine huieleza kuwa nyumba ikiwa tupu unajisalimu mwenyewe. Kwa hiyo jirani akikusikia unasema na mtu ndani, na mtu hayumo, akili zako ni timamu.

La pili ni kuanua. Kuanika unaweza peke yako, kamba ikiwa juu ya paa na jua likiwa kali. Kuanua kunataka mtu aliyepo. Mvua za vuli haziagi, na anayeishi peke yake huwa kazini au kwenye hamsini zake wakati wingu linapofika. Sauti ya kike hupaa kutoka dirishani, "Nguo jamani, nguo!", na mikono isiyoandikwa katika kaya yako inakusanya mashati yako pamoja na ya kaya nyingine. Jioni unayakuta yamekunjwa, kwenye kiti, nje ya mlango. Sijui kama kuna lugha nyingine yenye kitenzi kimoja kwa ajili ya kuitoa nguo kambani. Najua kwamba kwetu kitenzi hicho hupenda sana kauli ya kutendea. Nguo huanuliwa, na mtu huanuliwa nguo zake.

La tatu ni la mwisho kwa kila mtu. Hakuna kujiosha huko, wala kujivika sanda, wala kujizika. Maiti huoshwa, huvikwa, huswaliwa, huzikwa, na sarufi yote ni ya kutendwa. Naona ndiyo sababu ya swali ambalo wenye nyumba wa Mji Mkongwe huuliza kabla ya habari za kodi: "Una nani hapa mjini?" Mgeni hudhani anachunguzwa. Sheha naye huuliza lilelile kwa njia yake, kwa sababu siku moja kuna mtu atakayekwenda kubisha mlango na kutoa habari, na lazima ajulikane ni mlango upi.

Fomu yangu ya pango ina mstari wa "mtu wa karibu". Haikueleza kama ni karibu kwa damu au karibu kwa ngazi. Nimeliandika jina la jirani wa chini. Mwenye nyumba alivaa miwani, akasoma, akataka kujua huyo ni nani wangu. Nikamwambia ndiye anayenianulia nguo. Akatia saini.